Picha ya Mbuga Nyuma ya Kiti cha Direkta

"Nani aliichagua picha hii?"

Swali hilo niliulizwa Jumatatu asubuhi, tarehe nane Oktoba 1990, nikiwa nimekalishwa sakafuni ndani ya duka langu mwenyewe, Rwezamenyo, Kigali.

Mbele yangu walisimama wanaume watatu. Mmoja, mwenye koti la kahawia, alikuwa ameshika picha kubwa ya mbuga na mto.

Niliijua. Fremu niliitengeneza mimi. Kioo nilikikata mimi.

Na kuichagua... niliichagua mimi.

Nikamjibu, "Ni Silvère, mchoraji. Yeye ndiye aliyeichagua."

Huo ulikuwa uongo. Silvère ndiye mtu pekee aliyekataa picha ile ipelekwe kule ilikotundikwa.

Ndugu zangu mnaosoma, sasa nina miaka sitini na mbili. Kisa hiki nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu. Leo nakisema. Ukimaliza kusoma, nihukumu unavyotaka.

Jina langu ni Ismaël. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, babu yangu alifika Kigali na wafanyabiashara waliotoka upande wa Tabora. Mimi nilirithi mikono ya ufundi, lakini cherehani sikuipenda. Nikafungua duka la vioo na fremu.

Silvère Ndayisaba alikuwa jirani yangu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, tumetenganishwa na ua mmoja na bomba moja la maji. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu. Idi anakula kwangu, Noeli nakula kwake. Mke wake, Christella, alikuwa ananiita shemeji.

Silvère alichora vitu vya nchi. Milima yenye ukungu asubuhi. Mashamba ya chai. Ziwa Muhazi. Korongo wakitua kwenye majani marefu. Hakuchora watu.

Wakati ule biro nyingi, yaani ofisi, za Kigali zilikuwa na kalenda tu ukutani, na picha ya mkubwa wa nchi. Sisi tukaanzisha kazi yetu. Ukituita, tunakuja kuangalia chumba chako, kisha tunakuchagulia picha inayokifaa. Biro ya wakili. Chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Kila mahali tuliingia.

Silvère alikuwa na tabia moja. Akiingia kwenye chumba, hamuulizi mwenyewe anapenda nini. Anakaa kwenye kila kiti. Anakaa kwenye kiti cha bosi, cha mgeni, mpaka benchi la mlangoni. Anatazama ukuta kutoka pale. Ndipo anasema.

Kwa daktari wa meno alisema, "Hapa msiweke picha ya maporomoko ya maji. Mgonjwa ataisikia pamoja na ile mashine yako." Daktari akacheka, lakini akakubali.

Agosti 1990 tuliitwa Kacyiru, kwenye wizara moja, sitaitaja. Direkta mmoja alikuwa amepandishwa cheo. Jina lake Ntakirutimana.

"Nataka kitu kikubwa," alituambia. "Mtu akiingia hapa ajue ameingia mahali."

Silvère akakaa kwenye kiti cha wageni. Akatazama ukuta.

"Bwana Direkta, watu wanaoingia hapa wanakuja kuomba. Wana hofu tayari. Mimi ningeweka mashamba ya chai. Kijani kinapumzisha macho."

Nilimwona Direkta uso unaanguka. Chai hakuitaka.

Mimi nikadakia. "Kuna ile ya mbuga, Bwana Direkta. Ni pana kama ukuta wenyewe. Chumba kitaonekana mara mbili."

Silvère akanivuta mpaka kwenye korido.

"Ismaël, ile hapana."

"Kwa nini?"

"Pale ni kwetu. Mutara, karibu na mto, ndipo nilipozaliwa. Sikuichora iwe mapambo nyuma ya kiti cha mtu."

"Sasa si uliniletea niitie fremu?"

"Nilikuletea uitie fremu. Sikusema uiuze."

"Silvère, sha, rafiki yangu, huyu mtu akifurahi, biro zote za ghorofa hii ni zetu."

Akanifuata ndani. Silvère alikuwa hajui kubishana na mtu anayempenda. Hilo nililijua, na nililitumia.

Wiki iliyofuata mbuga ikapanda ukutani. Nyasi za dhahabu, mto unaopinda, njia nyembamba inayoshuka mpaka kwenye kivuko. Direkta alifurahi sana. Nyuma ya fremu nilibandika karatasi yangu kama kawaida: Ismaël, Vioo na Fremu, Rwezamenyo.

Mnaijua historia. Tarehe mosi Oktoba, wapiganaji walivuka mpaka kutoka Uganda. Vita vikaanza. Na vilianzia wapi? Mutara. Kona ile ile.

Siku chache baadaye Kigali ilianza kukamata watu. Waliwaita ibyitso, yaani wasaidizi wa adui. Ukiwa Mtutsi, ukiwa na ndugu Uganda, ukiwa na jirani asiyekupenda, ilitosha. Maelfu walikamatwa.

Mtu mmoja aliingia kwenye biro ya Direkta akatazama ukuta.

"Hapa ni wapi?"

Direkta akaogopa. Nyuma yake kulikuwa na mto wa mpakani, na njia, na kivuko. Mtu mwenye hofu akiitazama picha kama ile anaona ramani. Akaishusha mwenyewe, akaigeuza, akaonyesha ile karatasi yangu.

Ndivyo walivyofika dukani.

"Silvère gani?" mwenye koti aliniuliza.

"Ndayisaba."

"Mtutsi?"

"Ndiyo."

"Yeye alichagua picha hii iwekwe kwa Direkta? Si wewe?"

Hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa bado uko wazi. Ningeweza kusema: tulichagua pamoja. Ningeweza kusema: ni Direkta alitaka kubwa. Ningeweza hata kunyamaza.

"Ni yeye," nikasema. "Mimi nilimkataza."

Yaani niligeuza mambo yote juu chini. Maneno yake nikayafanya yangu, na yangu nikampa yeye.

Wakaandika. Nikatia sahihi.

"Anakaa wapi?"

Nilinyoosha kidole kuelekea ua wa nyuma.

Niliwasikia wakivuka ua. Nikasikia ndoo ikianguka karibu na bomba. Nikasikia sauti ya Silvère, ya kawaida tu, ikisema, "Subirini nivae viatu."

Hawakusubiri.

Baada ya muda Christella aliingia dukani. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshika sketi yake. Mikono yake ilikuwa imejaa unga wa muhogo.

"Shemeji, wamemchukua."

"Nimeona."

"Wamesema habari ya picha. Nani amewaambia?"

"Sijui, Christella."

"Walipitia hapa kwako?"

"Walipitia. Waliuliza tu njia."

Aliniamini. Au mimi nilidhani aliniamini.

Silvère alikaa ndani miezi sita. Kwanza walirundikwa uwanjani na wengine wengi, halafu gerezani.

Miezi sita hiyo niliilisha familia yake. Maharage, mchele, mafuta, sabuni. Mtoto mkubwa alipougua malaria, mimi nilimbeba mpaka dispensari. Chakula cha gerezani nilikipeleka mwenyewe mpaka getini, japokuwa sikujua kama kinamfikia.

Watu wakanisifu. Mzee mmoja msikitini alinishika bega mbele ya wenzake.

"Huyu kijana," akasema, "jirani yake si Mwislamu, lakini tazameni anavyomtunza."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nitakuwa mkweli... kuna sehemu yangu ilifurahi. Nilianza kujiambia kwamba ninalipa. Kila gunia la mchele nililitoa kama vile nafuta mstari mmoja wa ile karatasi.

Aprili 1991 waliachiwa wengi. Silvère akarudi kwa miguu.

Sikumtambua. Alikuwa na kikohozi kinachotoka mbali. Walikuwa wamemfunga kamba juu ya viwiko, siku nyingi, na vidole vya mkono wa kulia havikufunga tena. Penseli ilikuwa inamtoka kama sabuni.

Alikuja dukani kabla hata ya kuoga.

"Ismaël."

"Silvère. Karibu nyumbani, ndugu yangu."

"Umewalisha watoto wangu."

"Ni kitu kidogo."

"Si kitu kidogo."

Akabaki amesimama, ananitazama. Muda mrefu. Ni kama mtu aliyepiga hodi anasubiri afunguliwe.

Nikageuka kutafuta kikombe cha kumpa maji.

Nilipogeuka tena, alikuwa ameshakaa, anatazama fremu tupu zilizoning'inia.

Tukarudi kazini. Yeye hakuchora tena. Alichagua tu. Picha zake za zamani zilikuwa nyingi, nilikuwa nimezihifadhi chini ya kitanda changu, zimefungwa kwenye mashuka. Biro za Kacyiru zilikuwa hazituiti tena, lakini mwaka 1992 tulipata kazi moja ambayo sitaisahau.

Kulikuwa na mkunga mstaafu, Mama Béatha Uwizeye. Alikuwa na nyumba Kibagabaga, wakati huo kule ni mashamba tu na upepo. Aliifanya iwe mahali pa kupumzika kwa akina mama waliojifungua mtoto akafa. Vitanda sita. Dawa chache. Uji, kuoga kwa maji ya moto, na kuachwa ulale.

"Kuta nyeupe zinawaumiza," alituambia. "Wanazitazama mchana kutwa. Nataka picha. Lakini nisaidieni, maana ya kwanza niliyoweka ilileta balaa."

"Ilikuwa ya nini?" nikamuuliza.

"Mgomba."

Sikuelewa. Silvère alielewa mara moja.

"Mgomba una watoto wake pembeni," akasema taratibu.

"Ndiyo. Mama mmoja aliitazama siku nzima, halafu akaishusha akaigeuza ukutani. Hakuniambia kitu."

Silvère akafanya tabia yake. Lakini hapa hakukuwa na viti. Akaomba ruhusa, akavua viatu, akalala kwenye kitanda kitupu. Akawa kimya hadi mimi nikadhani amesinzia.

"Ndege hapana," akasema akiwa amelala. "Ndege wana viota. Maua ya kukatwa hapana, yanakufa. Njia hapana."

"Njia kwa nini?" Mama Béatha akauliza.

"Njia inakwambia uinuke uende. Huyu bado hawezi."

"Basi tuweke nini, mwanangu?"

"Maji yaliyotulia. Mbali. Kitu ambacho hakimwombi chochote." Akakohoa. "Mimi nilitazama ukuta miezi sita, Mama. Nilijua ningetamani kuona nini pale."

Mama Béatha alishika mdomo wake.

Tukachagua picha ya Muhazi wakati wa alfajiri. Maji ya kijivu, kilima cha buluu ng'ambo, basi. Kioo nilikitoa kwa amri ya Silvère, kwa sababu dirisha lilikuwa linang'aa juu yake, na mama angejiona sura yake badala ya ziwa. Tuliitundika chini sana, karibu na usawa wa meza.

"Mbona chini hivyo?" nikauliza.

"Macho ya mtu aliyelala yako hapa, Ismaël. Wewe unapima kwa mtu aliyesimama."

Wiki mbili baadaye tulirudi kutundika nyingine. Kulikuwa na mama kijana anaitwa Kamikazi. Tangu afike, siku nne, hakuwa amesema neno. Amelala ubavu, anatazama ziwa.

Tulikuwa tunapima ukuta wa pili aliposema, bila kugeuka:

"Maji hayo ni ya baridi?"

Mama Béatha alisimama kama amepigwa. Silvère akachuchumaa pembeni ya kitanda.

"Asubuhi ni ya baridi sana, dada. Jua likitoka yanapata joto."

"Mtoto wangu sikumwosha," akasema Kamikazi. "Walimchukua kabla sijamwosha."

Halafu akalia. Mama Béatha akapanda kitandani, akamshika.

Sisi tukatoka nje. Tukakaa kwenye ngazi. Upepo wa Kibagabaga ulikuwa unapita kwenye mtama.

Silvère akasema, "Umeona? Mtu akiwa na jambo zito, akipata mahali pa kutazama, anaweza kulisema."

"Nimeona."

"Jambo lolote, Ismaël. Hata lile baya zaidi."

Akatazama mbele, kwenye mashamba. Hakunitazama mimi. Alikuwa ananiachia nafasi... leo najua hivyo. Siku ile nilidhani anaongea habari ya Kamikazi.

Hapana. Nisiwadanganye. Sehemu fulani ya moyo wangu ilijua.

Nikasema, "Twende, mvua inakuja."

Mwaka 1993 kikohozi kilimshinda. Mapafu yalikuwa yameharibika tangu gerezani. Nilimpeleka kwa daktari mara nne. Siku za mwisho nilikaa naye kila alasiri, namshikia bakuli. Alikuwa akinitazama vile vile kama siku aliyorudi. Nami kila mara nilipata kazi ya kufanya. Kurekebisha mto. Kufunga dirisha. Kuita mtoto alete maji.

Alikufa Desemba, wiki moja kabla ya Noeli.

Kwetu, baada ya mazishi watu wanakaa msibani siku kadhaa, halafu kuna siku ya kuondoa matanga, gukura ikiriyo. Siku ile nilinunua kila kitu. Nilichinjisha. Nilisimama nikasema maneno mazuri juu yake, watu wakalia.

Walipotawanyika, Christella aliniita ndani. Watoto alikuwa amewapeleka kwa jirani. Akafunga mlango, akakaa mbele yangu.

Hakuniita shemeji.

"Ismaël, nitasema mara moja tu."

"Sema."

"Silvère alijua."

"Alijua nini?"

"Walimsomea karatasi yako. Siku ya kwanza. Yote, mpaka sahihi. Ya kwamba yeye alichagua, wewe ulimkataza."

"Wakamuuliza: ni kweli? Unajua alijibu nini?"

"Sijui."

"Alisema ni kweli. Alikubali uongo wako, akautia sahihi na yeye. Aliniambia usiku ule aliporudi. Alisema: ningekataa, wangemchukua na Ismaël. Sasa nani angewalisha ninyi?"

Nje mtu alikuwa anakusanya sufuria. Nakumbuka sauti ile kuliko kitu kingine.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Miaka yote hii..."

"Alitaka. Mimi nilimkataza."

"Wewe?"

"Mimi. Nilimwambia: ukimwambia unajua, ataona aibu, ataacha kuja, na wewe huna mikono tena. Tutakula nini? Nilikutabasamia miaka miwili na nusu, Ismaël. Kila ulipoleta mchele nilisema asante. Ulikuwa unanikaa kooni."

Nikaanguka kwa magoti. Nikaanza kusema nisamehe, nisamehe.

Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Mimi si wa kuombwa," akasema. "Yeye alikusubiri. Kila Ijumaa ukitoka msikitini, alikuwa anakaa pale mlangoni. Ananiambia: labda leo atasema. Nilimcheka. Alikuwa tayari kukusamehe kabla hujamaliza sentensi. Alitaka tu akusikie ukisema."

Akasimama, akafungua mlango.

"Sitakula tena kwako."

Januari 1994 aliondoka na watoto kwenda kwa dada yake Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Nilimwomba abaki. Nilimwahidi kila kitu. Akaendelea kufunga mizigo.

Aprili mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mnajua. Wanaume wenye mapanga walivuka ua wangu wakavunja mlango wa nyumba ile ya nyuma. Ilikuwa tupu.

Fikirini hilo. Christella na watoto wake wako hai kwa sababu alichoka na chakula changu. Kama angekubali kuendelea kunitabasamia, angekuwa mle ndani.

Mama Béatha hakupona. Nyumba ya Kibagabaga ilichomwa akiwemo, pamoja na wanawake waliolala vitanda vile. Hakuna picha iliyobaki.

Vita vilipoisha nilienda kwa sheikh wetu, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haki ya Mungu unamwomba Mungu," akaniambia. "Haki ya binadamu unamwomba binadamu mwenyewe. Ulikuwa naye miaka miwili na nusu, mwanangu. Mlikuwa mnashiriki bomba moja la maji."

Nikainuka, nikaondoka.

Najua kuna watakaoniandikia kwenye komenti kwamba nilikuwa kijana, niliogopa, mtu yeyote angefanya vile. Asanteni. Lakini hofu ilinichukua asubuhi moja tu. Zile siku nyingine zote zilizofuata, hofu haikuwepo. Nilikuwa na mchele mkononi na mdomo umefungwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna mtu ulimkosea, na sasa unamletea zawadi, unamlipia hospitali, unamchekea, unafikiri yataisha yenyewe... hayataisha. Wema wako hauwezi kusema badala yako. Na kunyamaza kwake usikuhesabu kuwa msamaha. Huenda anakusubiri tu. Huenda ana njaa.

Nenda ukamwambie, akiwa bado ana masikio.